Beata, Golikipa Wako Yuko Liuli

Mwaka umetimia, Beata wetu, tangu ulipotuaga hapa Mbinga, kahawa ikiwa bado vichanjani. Sasa imevunwa nyingine, na jioni tunasahau kuifunika kwa sababu sauti ya kutukumbusha haipo.

Ulikuwa fundi cherehani, na sare za watoto wasio na uwezo ulizishona kwanza, kabla ya za wenye fedha. Lakini wengi walikufuata kwa ajili ya kadi za zamani za wachezaji mpira, zile zilizokuwa zikifungwa pamoja na bigijii za kutafuna. Aliyeokota moja kwenye sanduku la babu yake alikuletea uikadirie. Ulinawa mikono, ukaikausha, ndipo ukaishika kadi kwa kingo.

"Mama Alphonce, huyu alikuwa mfungaji hatari!" Sadiki wa dukani alikuambia siku moja.

"Magoli yake hayamwoteshi pembe, Sadiki. Tazama, zote nne zimeliwa. Ulimweka mfukoni pamoja na funguo?"

"Basi nimemuua?"

"Umemjeruhi. Mwache hapa apumzike."

Kuliko zote ulipenda ile timu ya kadi aliyokuletea marehemu baba yako, mpishi wa meli, kutoka ng'ambo ya ziwa, ulipokuwa msichana Mbamba Bay. Ilikuwa kamili, kuanzia golikipa hadi winga wa kushoto, kila mmoja katika mfuko wake wa albamu. "Timu haivunjwi," ulikuwa ukisema. "Ukimtoa mmoja, waliobaki ni picha tu." Mumeo Nicholaus alicheka mwanzoni, mtu mzima na picha za bigijii. Baadaye alikuwa akikushikia taa.

Siku ya kuanua matanga, kila mmoja alitaka kitu kilichopita mikononi mwako. Vitenge viligawiwa, mkasi ukaenda kwa binti yako Rosa. Mdogo wako Hildegardi alifungua albamu, akamchukua golikipa. Nicholaus aliona, akamwacha. Kilichotolewa matangani hakidaiwi, naye hajazoea kuomba. Lakini ule mfuko mtupu ulimnyima raha. Akajiapiza kwamba kumbukumbu hii ya mwaka haitafika timu yako ikiwa pungufu, maana ndilo jambo pekee ulilowahi kumsisitizia kuhusu kadi zako.

Mwezi uliopita akateremka hadi Liuli, nyumbani kwa Hildegardi.

"Shikamoo, shemeji! Leo umeikumbuka njia? Au kahawa imekosa wanunuzi, unataka kutuuzia sisi walaji samaki?"

"Marahaba. Nimekuja kumchukua golikipa, Hildegardi."

"Kumbe hukuja kuniona mimi!"

Alicheka, akaingia chumbani, akarudi na kadi. Alikuwa ameipeleka steshenari ikapigwa laminesheni, unyevu wa ziwa usiiharibu, kisha akaitoboa tundu la kamba. Nicholaus aliigeuza taratibu. Wewe ndiye uliyemfundisha kwamba plastiki ile ikishagandishwa kwa moto haibanduki bila kuichana karatasi, na kwamba kwa wakusanyaji kadi kama hiyo haina thamani tena.

"Umeiua," alisema. "Dada yako angelia."

"Yuko wapi wa kulia, shemeji? Anayelia ni mimi." Hildegardi hakuwa anacheka tena. "Sina picha ya dada yangu hata moja. Nilimchukua huyu kwa sababu dada alikuwa akimshika. Nikiamka namsalimia, 'Umeamkaje, Beata?' Mchukue kama ni lazima. Sitagombana nawe kwa ajili ya marehemu."

Akamnyooshea kadi. Nicholaus aliipokea. Kisha akainuka, akamwomba amwonyeshe ilikokuwa imetundikwa. Juu ya kitanda palikuwa na msumari mmoja, na chini yake ukuta umechakaa kwa kuguswaguswa. Akaitundika mwenyewe, akainyoosha isikae upande.

Basi, Beata, timu yako haitakamilika. Aliyeamua hivyo ni mumeo, akijua ulivyotaka. Umwie radhi. Jioni ile alirudi Mbinga mikono mitupu, na kesho yake alimtumia Hildegardi picha yako, ile uliyopiga siku ya ubarikio wa Rosa. Hildegardi ameitundika kwenye msumari mwingine. Golikipa hakumwondoa.

Unakumbukwa na mumeo Nicholaus Kinunda, wanao Alphonce na Rosa, wajukuu zako, mdogo wako Hildegardi na jamaa wote wa Mbinga, Mbamba Bay na Liuli.

Hatutakusahau, siku zote za maisha yetu.