Kiyoyozi Kimenyamaza, Mama Mkwe Kanisikia

Jolene, nimekwisha. Nimekwisha, shoga!

Ile simu yetu ya sasa hivi, nilipokuwa nafoka kwamba tangu mama mkwe amzike mumewe ametung'ang'ania kwenye karavani, hiki kijumba chetu cha magurudumu? Amesikia yote!

Kumbe asubuhi Wendell alipanda paani akakaza skrubu na kuweka sponji, kiyoyozi kiache kunguruma. Mume gani huyu, hakuniambia! Nikapayuka kama kawaida, bila kugundua kelele zilizokuwa zikinificha hazipo.

Nimejifungia chumbani. Mlango wa kutokea ni mmoja, na mama mkwe kakaa pale pale. Dirishani nitapenyaje na mwili huu, na nje Arizona inaungua?

Amesikia yote, Jolene. YOTE.

Anagonga. "Lurleen, toka mwanangu. Hata mimi kelele zile zilinifaa. Nilikuwa nalia humo humo kwenye kelele, msinisikie."

Nimefungua. Yeye ndiye aliyenikumbatia.