Bahati Alivyotolewa Shimoni

Kwako mdogo wangu Mwajuma, Ujiji.

Bahati yu hai. Nimeanza na hilo kwa sababu nakujua, ungeruka salamu zote ukalitafute jina lake. Sasa pumua, tusalimiane kama watu. Goti lako linaendeleaje? Unalikanda na mawese ya moto nilivyokuelekeza, au unalilalamikia tu kwa majirani? Dada zako wa kwenye kikundi hawajambo? Mimi mzima. Baridi ya Gisenyi inanitafuna mifupa, lakini bado haijanimaliza. Mjukuu wetu Neema ameota meno mawili na anayatumia vibaya.

Anayeandika ni Zuhura binti yangu, mimi nasema tu, unajua kalamu na mimi hatujawahi kusalimiana. Ulitaka barua kwa kuwa simu yako ukiifungulia spika mtaa mzima unasikiliza. Afadhali. Humu kuna maneno ambayo hata Zuhura hajayasikia. Andika, Zuhura, usiniangalie hivyo.

Siku hiyo mimi nilikuwa bado kwenye mswala baada ya sala ya alfajiri. Zuhura alikuwa ameshakwenda na beseni lake la karoti kupanga foleni mpakani, avuke auze Goma. Mbuzi alikuwa amekata kamba. Mumewe Bahati akatoka kumtafuta, anasonya njia nzima. Nyuma ya nyumba hapa, ukipita shamba la maharage, ardhi ni mawe meusi matupu, yale ambayo mlima uliyatapika zamani. Katikati ya mawe kuna shimo pana, chini kumeota majani mabichi mazuri. Nilikuwa najiuliza kila siku kwa nini hakuna anayechunga pale. Sikumwuliza mtu. Kosa langu la kwanza.

Nikasikia "Mama!" mara moja. Halafu kimya.

Nikaenda na kanga yangu begani. Mwajuma, ule ukimya siwezi kukueleza. Kwenye maharage ndege walikuwa wanapiga kelele zao. Nikafika ukingoni mwa shimo, hakuna kitu. Hakuna ndege wala mdudu, jani halitikisiki. Chini kabisa mbuzi alikuwa amejilaza, miguu ameikunja vizuri, macho wazi, hana jeraha. Ukikutana na mzoga asubuhi unasikia nzi. Pale nzi wenyewe walikuwa wamelala kwenye jiwe pembeni yake, migongo chini. Na hua mmoja ametandaza mabawa kama nguo iliyoanikwa.

Bahati alikuwa katikati ya mteremko, juu kidogo ya mbuzi. Alikuwa ameteleza akaangukia mgongo kwenye jiwe. Uso wake ulikuwa wa majivu.

"Mama, mgongo," akaniambia. "Nimesikia umelia kama kuni."

"Usijitikise! Hata shingo usigeuze. Vidole vya miguu, vichezeshe nione."

Vikacheza. Mguu mmoja kifundo kilikuwa kimegeukia nje, lakini vidole vikacheza vyote. Nikamshukuru Mungu kwa sauti, nikapiga ukelele watu waje.

Walikuja mbio, wanaume watano wa chama cha ingobyi. Nilishakusimulia, huku kila mtaa una machela yake, kikapu kirefu kilichosukwa kwa mianzi, wanne wanambeba mgonjwa begani mpaka barabarani. Usipotoka siku ya kubeba, siku yako utajibeba mwenyewe. Mkubwa wao ni mzee Semasaka, ana miguu kama ya korongo. Alipoona Bahati yuko wapi akashika kichwa.

"Yooo! Mumutoe mbio! Mushike mikono, muvute!"

"Hakuna kuvuta!" nikasema. Nikasimama mbele yao, mikono nimeitandaza. "Mgongo umeumia. Ukimvuta unamkata uti. Mtu asimguse."

"Mama, we haujue. Iko mazuku kule."

"Mazuku ni nini?"

"Upepo mubaya. Inalala chini asubui. Haionekane, hainuke. Inakulalisha tu."

Mwajuma, mimi niliona ni mambo ya mashetani. Nikamwambia, "Majini yako yangoje. Huyu nimempa binti yangu, na mgongo naujua." Na wewe unajua kwa nini nilisema vile. Kaka yetu Hamisi alipoanguka kwenye mchikichi, ni mimi na wewe tuliomwinua kwa makwapa tukamkalisha anywe maji. Tulidhani ni huruma. Hakusimama tena mpaka tunamzika. Mimi niliapa hakuna mtu atakayeinuliwa hivyo mbele ya macho yangu. Basi nikawazuia. Nikawatuma wakalete ubao, maana ile ingobyi yao inabonyea katikati, mgonjwa analala amejikunja kama ndizi, mgongo uliovunjika utafia humo. Wakakasirika. Kikapu hicho kimebeba mama zao, nami mgeni nakitukana. Mmoja akasema, "Huyu mukecuru wa Tanzania atatuulia mutu." Mkongwe, ndivyo alivyoniita. Nilimsikia vizuri.

Tulibishana. Muda gani, sijui. Unatosha kuchemsha chai.

Ndipo Bahati akaanza kupiga miayo.

Nikamwita. Akajibu taratibu, kama mtu anayeongea na shuka mdomoni, anatabasamu. "Mama, waache. Huku ni kutamu." Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka haraka kama cha mbwa aliyekimbia, lakini uso umetulia, umetulia kabisa. Mzee Semasaka akasogea ukingoni. Akawasha kiberiti, akashuka hatua mbili, akainama, akateremsha mkono polepole. Ule moto ulipofika usawa wa mkanda wake ukazimika. Haukupepea. Ukazimika kama umetiwa kwenye maji. Akawasha wa pili. Pale pale.

Nikatazama ule usawa, nikaufuata kwa jicho mpaka kwenye mteremko. Ulikuwa unagusa kidevu cha Bahati.

Hapo nilielewa. Wao walijua shimo, mimi nilijua mgongo, na nilikuwa nimeuacha mdomo wangu usimame katikati.

"Leteni mlango," nikasema. Mama Shukuru, jirani, alikuwa ameshaung'oa wa jiko lake. Nikawaambia upesi: pumzi mnavuta huku juu, mnaibana, tunashuka wote, tunamgeuza kwa pamoja kama gogo, mlango unaingia chini yake, tunapanda. Kichwa nashika mimi. Semasaka akasema, "Mama, we muzee, utaangukia mule." Nikamwambia, "Basi mtabeba wawili."

Nilimshika kichwa kwa viganja viwili, masikio ndani ya mikono yangu, pua ielekee kitovu. Mmoja mabegani, mmoja kiunoni, wawili miguuni. Semasaka akapiga vidole mara tatu kwa kuwa hakuna wa kusema. Tukamgeuza. Mama Shukuru akasukuma mlango. Tukamrudisha. Na hapo, Mwajuma, pumzi ikanishinda. Nikavuta moja tu. Ilikuwa inachoma puani kama soda, halafu kichwa kikawa chepesi, na nikamsikia marehemu mama, hapa, nyuma ya shingo, ananiita kwa lile jina la utotoni. Alikuwa amefurahi. Alikuwa anasema mkeka umeshatandikwa. Na mimi nilitaka kwenda. Sikuogopa hata kidogo, na hilo ndilo linaloniogopesha mpaka leo.

Mtu alinishika kanga akanivuta. Ni yule yule aliyeniita mkongwe.

Juu kwenye hewa nilimfunga Bahati kwenye mlango kwa vitenge, kwenye paji, kifua, nyonga na magoti, nguo nimezikunja nikamwekea huku na huku ya shingo. Kile kifundo najua utauliza kwa nini sikukivuta kikarudi. Sikukivuta, na wewe acha kuvivuta vya watu huko. Nilikikuta kimegeuka, nikakizungushia mto kikiwa hivyo hivyo, nikaufunga, nikaacha vidole nje niviangalie rangi. Wakambeba kwa mwendo wa harusi mpaka barabarani, na gari la wagonjwa likamchukua.

Daktari anasema mfupa wa mgongo umepata ufa lakini uti haujakatika. Wamemvalisha kitu kigumu kama gamba la kobe. Mtaani wananisifu kwamba bibi ameokoa mgongo. Nimewaacha wanisifu siku zote hizi, na Zuhura ananipa finyango kubwa za nyama. Basi andika, Zuhura: mume wako alikuwa anakunywa usingizi ule wakati mimi nimetandaza mikono. Wangemchukua mapema, wasingemkuta anatabasamu. Labda wangemvunja. Labda wasingemvunja. Mimi sijui, na daktari hajui.

Zuhura ameweka kalamu chini. Ametoka nje. Nimekaa na Neema.

Amerudi, na nimemwambia aandike hata hayo ya kutoka kwake. Amenimiminia chai, hajanitazama. Amesema, "Endelea." Ameniuliza kama Bahati anajua. Nimemwambia anajua, alikuwa anasikia yote kule chini, hata neno la mkongwe, nalo linamchekesha mpaka gamba linambana. Lakini hajamwambia mke wake. Aliniachia niseme mwenyewe.

Jana amesimama. Amenishika bega, tukaenda hatua sita mpaka dirisha la wodi. Chini watu wanauza, pikipiki zinapiga honi, mtoto analia. Akasimama akisikiliza kwa muda mrefu. Akaniuliza, "Mama, mbona huku kuna kelele hivi?" Nikamwambia, "Zizoee."

Nisalimie shemeji yako fundi baiskeli, mwambie mgongo wake aupumzishe. Msalimie shangazi mkubwa anayeuza dagaa, na mwalimu wa madrasa aliyemfundisha Zuhura herufi hizi. Na wewe, nitandikie kitanda changu cha zamani, maana

Mama mdogo, hapa ni mimi Zuhura. Mama ameendelea kusema na mimi sikuandika. Kitanda usitandike. Bahati bado hatembei bila bega, na bega analolitaka ni la Mama. Mwenyewe hawezi kusoma nilichoandika, amedhani nimeandika yote.

Ni mimi dada yako akupendaye, mama wa Zuhura, bibi wa Neema.