Santuri ya Farasi

Jumapili, 9 Juni 2024

Baridi. Ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, Mlima Meru hauonekani kabisa. Nimetoka ibadani, nimekunywa chai, nimeweka santuri ya farasi, ile yenye picha yake kwenye jalada. Upande wa pili, kama kawaida.

Wanaosema rock ni kelele hawajausikia upande huu. Unaanza na kinanda peke yake, sauti ya chini kabisa, kama mtu anayesogeza kabati chumba cha pili. Halafu gitaa linaingia bila hodi. Na yule mwimbaji — sauti yake si nzuri! Inakwaruza, akipanda juu inakatika. Ndiyo maana namwamini. Siku hizi wanasafisha kila kitu kwa kompyuta mpaka ndani ya wimbo hakuna mtu.

Nilikuwa natikisa kichwa — mama mzima, muuza miche! — wifi yangu Skolastika akapiga simu kutoka Nduruma. Kidonda cha Fredi mguuni hakiponi. Na dawa za sukari ameacha. Ameacha! Tangu ahamie kwenye kile kikundi cha maombi.

Mdogo wangu wa pekee. Nitaenda.

Jumanne, 11 Juni

Harufu ya ule mguu niliipata nikiwa mlangoni. Fredi amekonda, lakini anatabasamu kama mtu aliyeshinda kesi.

Nikauliza, dawa je? Akasema Mtumishi — ndivyo wanavyomwita kiongozi wao — ameonyeshwa chanzo cha ugonjwa. Mnyama ndani ya moto.

"Ni farasi yule wa kwenye jalada, dada. Aliyesimama ndani ya nyumba inayoungua. Tulimleta nyumbani wenyewe."

Nikacheka. Sikupaswa kucheka. Akageuza uso ukutani.

Santuri ichomwe kwanza, anasema, ndipo aende hospitali. Nikamwambia kisukari hata Baba alikuwa nacho, na Baba hakuwahi kusikiliza hata wimbo mmoja wa farasi.

Alhamisi, 13 Juni

Nina hasira. Miche ya nyanya nimeimwagilia kama naipiga.

Tuliinunua wote wawili, hapa hapa sokoni Tengeru, kwa mtu aliyekuwa anauza vyombo vya mzungu aliyehama. Fredi alimpenda farasi. Mimi niliwapenda wale wanaume wanne wa nyuma ya jalada, nywele ndefu kuliko zangu. Kiingereza hatukukielewa, tukatunga maneno yetu ya Kimeru, kuhusu ng'ombe wa Baba aliyempiga teke kila aliyemkamua. Fredi akipiga ngoma kwenye debe. Mama alicheka mpaka akakaa chini!

Mama alipofariki hatukulia mbele ya watu. Watu walipoondoka tuliweka ule wimbo mrefu wa mwisho, gitaa linapohangaika peke yake mpaka unadhani limepotea. Tukalala sakafuni, kichwa kwa kichwa. Ulipoisha, Fredi akasema, rudisha. Nikarudisha. Akasema tena, rudisha.

Huyo ndiye anayetaka kuichoma.

Jumamosi, 15 Juni

Siku ya soko. Skolastika amenifuata mpaka kwenye meza yangu ya miche. Hakuniamkia. Kidole cha mguu cha Fredi kimekuwa cheusi, amesema. Daktari wa zahanati amemwambia wakichelewa utakatwa mguu mzima.

"Wifi, ni plastiki tu ile."

Nikamjibu vibaya. Nikamwambia hana masikio. Akafuta macho kwa ncha ya kitenge, akaondoka na mchicha wake. Sikuuza kitu tena leo.

Jumapili, 16 Juni

Sikwenda ibadani.

Nimempigia Fredi. Nikiileta, utapanda gari siku hiyo hiyo? Akasema: nitapanda.

Nimeitoa kwenye jalada, nimeiviringisha kwenye khanga, nimeiweka chini ya magodoro ya wageni. Ndani ya jalada la farasi nimeingiza santuri ya kwaya aliyoipenda Baba, mzee wa kanisa miaka yote ile. Tenzi za Mungu, zitachomwa badala ya rock. Baba anisamehe. Ningempa Fredi ya kweli? Nilijaribu. Mikono ilikataa.

Jumatatu, 17 Juni

Imekwisha. Moto ulikuwa tayari uani, watu wanaimba. Mtumishi ni kijana mpole, aliniamkia vizuri, shikamoo mama — nilitaka nimchukie nikashindwa. Fredi alipokea jalada kwa mikono miwili. Akaichomoa santuri nusu, kwa kingo zake, bila kugusa mistari, kama tulivyokuwa tunafanya. Moshi mwingi. Akairudisha, akatupa vyote.

Farasi alijikunja kwanza. Halafu kwaya ya Baba ikayeyuka, na watu wakapiga vigelegele! Nilitazama chini.

Na Fredi akapanda gari. Kweli alipanda. Tukapita katikati ya watu wa Idi wenye kanzu safi mpaka hospitali. Njiani alisema anajisikia mwepesi. Skolastika alinishika mkono.

Jumanne, 18 Juni

Naandika kwenye benchi, nje ya wodi. Kidole lazima kitolewe leo, daktari amesema, na tumewahi kidogo tu. Ila Fredi hajaweka sahihi. Muuguzi amesimama pale na karatasi, kalamu iko mkononi mwa Fredi. Fredi alimtuma Skolastika akanunue maji. Halafu akaniita karibu.

"Dada. Ya motoni ilikuwa na lebo nyekundu katikati."

Nikamnyooshea shuka.

"Yetu ni ya kijani."

Nikasema Fredi, weka sahihi kwanza. Hakuangalia karatasi. Alikuwa ananiangalia mimi, jasho linamtoka, na sikuweza kujua kama amekasirika au vipi. Namjua tangu akiwa mgongoni kwangu, na sikuweza kujua!

"Iko wapi?"

Nikasema nakuja, nikatoka. Nimekaa hapa. Nikimwambia nimeichoma, atajua nadanganya. Nikimwambia ipo, huenda akaitupa kalamu. Ila lebo aliiona kabla ya kutupa, na gari bado akapanda. Au huenda —

Muuguzi ametokeza mlangoni. Anasema, mama, mgonjwa wako anakuita, anasema hataki mtu mwingine.