Salamu Kwanza, Blanketi Baadaye

Tabata, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu,

Shikamoo. Mmeamkaje huko Masukulu? Mguu wa bibi unaendeleaje na baridi hii? Na wewe kifua, moshi wa kuni mbichi bado unakukereketa? Ng'ombe amezaa au bado anatuzungusha? Mimi ni mzima. Mama Mdogo naye ni mzima, anaingia zamu hospitalini na kurudi amechoka, ila kucheka hajaacha. Huku wanasema ni msimu wa baridi, anavaa sweta kabisa, na mimi niliyekaa pembeni yake natoka jasho.

Najua utauliza kwa nini nimeandika kwenye karatasi wakati simu ipo. Mama, ukipokea simu unaweka sauti kubwa, halafu bibi, mdogo wangu Ambakisye na jirani aliyekuja kuazima jembe wote wananisikiliza. Nikisikia mtu anakohoa nyuma yako maneno yote yanarudi tumboni. Karatasi haikohoi.

Kwanza nikutoe wasiwasi wa lile blanketi. Ambakisye aliniambia kwamba nilipomwomba anipigie picha ya blanketi lako la mistari, ulishinda ukijiuliza kama mtoto wako analala bila kujifunika. Nalala vizuri, mama. Picha ilikuwa ya kazi, na habari yake ndiyo imenifanya nikuandikie.

Ofisi ya Dada Rehema aliyonitafutia Mama Mdogo inaandikia maduka imeili, zile barua zinazoingia kwenye simu za wateja kuwaambia mashuka mapya yamefika au chupa za chai zimeshuka bei. Duka linaleta bidhaa, kaka Deo anatengeneza picha na kupanga rangi, mimi naweka maneno. Nilidhani ni kazi ya kupiga kelele, kama wale wa spika sokoni Tukuyu. Kumbe ni kazi ya kunong'ona. Unaandika maneno machache, unayafuta, unaandika tena, na hakuna mtu anayekutazama mdomoni. Naipenda. Naona hata aibu jinsi ninavyoipenda, maana niliahidi nitawakumbuka kila siku, na kuna siku najikuta jioni imeingia sijamkumbuka mtu.

Dada Rehema ana masharti yake. Kichwa cha imeili kiwe kifupi, kwa sababu simu inakata kilicho kirefu. Bidhaa ionekane kabla mteja hajasogeza kidole. Na chini kuwe na kitufe kimoja tu cha kubonyeza kwenda dukani, kwani ukimpa vitufe viwili anasita, na akisita ameondoka.

Kwa Kiingereza sipati shida. Kiingereza nilikikuta shuleni, hakuna ndugu yangu hata mmoja anayeishi ndani yake, kwa hiyo naweza kumwambia mtu nunua leo, mwisho Ijumaa, na usingizi ukaja. Kwa Kiswahili mkono unagoma. Naona kama nimeingia uani kwa mtu mzima bila hodi, sijapiga goti, nadai aninunulie kitu. Basi nikajipatia dawa. Naandika salamu zote kwanza, kama mtu anayesafisha koo, na nikishaingia kwenye maneno ya biashara narudi juu kuzifuta.

Sasa duka moja likataka kuuza mablanketi mazito kwa wateja wa sehemu za baridi, Mbeya, Njombe na huko kwetu. Deo akaweka picha ya moto unaowaka ndani ya ukuta wa sebule, na mbwa mwenye manyoya kalala kwenye zulia. Meza yake imegusana na yangu, lakini nilimwandikia ujumbe kwenye simu kwamba kwetu moto unakaa jikoni na mbwa anakaa nje. Akageuka akanitazama.

"Kumbe unaongea," akasema. "Haya, mtoto wa migombani, nionyeshe baridi ya kwenu inafananaje."

Ndipo nikamsumbua Ambakisye. Picha aliyotuma unaijua: blanketi lako kwenye kiti mlangoni pa jikoni, kikombe cha chai kinatoa mvuke, na nyuma mvua inapiga migomba. Deo aliikodolea macho, akafuta tu kuku aliyekuwa anapita pembeni.

Maneno niliyaandika yakanikubali. Siku ya kuyapeleka Dada Rehema alikuwa ananihimiza, niwahi kabla ya chakula cha mchana, nikayapeleka jinsi yalivyo. Salamu sikufuta. Deo huwa hasomi maneno, anapima ukubwa wake tu, akabandika yote. Imeili ikaenda kwa wateja wote wa nyanda za juu hivi: shikamooni wakubwa, hamjambo wadogo, mmeamkaje na baridi, mvua imepungua au bado, wazee wanaendeleaje, na mifugo je, sisi huku ni wazima. Chini ya hapo ndipo blanketi lilipojitokeza, kama mgeni aliyechelewa msibani. Kitufe kilikuwa mbali zaidi.

Kesho yake Dada Rehema aliniita mezani kwake, watu wote wapo. Mwenye duka alikuwa ameshapiga simu kufoka. Dada Rehema akanigeuzia kompyuta nione.

"Tuse, watu hawajanunua," akasema. "Wamekuitikia."

Imeili za namna hii hazijibiwi. Anayejibu ni yule anayetaka jina lake liondolewe. Lakini hawa walikuwa wamejibu salamu. Mama mmoja wa Matwebe alisema mvua bado inawasumbua na mkwewe amevimba miguu. Mwingine wa Njombe alieleza ng'ombe wake wote, mmoja mmoja. Mmoja aliandika "Ndaga fijo" basi, asante sana ya kwetu, na hiyo niliisoma mara nyingi kuliko zote. Mzee wa Tukuyu aliandika: "Marahaba. Umeniuliza wazee na mifugo, ila hujasema wewe ni mtoto wa nani."

Nilinong'ona kwamba nisamehewe, nitaandika nyingine fupi. Dada Rehema akatikisa kichwa.

"Umewauliza hali zao, wamekuambia. Sasa unataka kuwaacha mlangoni? Kaa ujibu."

Nikakaa nikajibu. Yule mama nilimpa pole ya mkwewe. Mzee nilimwambia mimi ni mtoto wa mama anayelima chai na migomba Masukulu, na kwamba blanketi aliloliona pichani ni la kwetu, la dukani linafanana nalo lakini ni zito zaidi. Alipojua nyumba yangu ndipo akaingia kwenye biashara: hilo blanketi linafulika kwa mkono, au linataka mashine? Wengine nao wakaanza kuuliza hivyo hivyo, polepole. Walionunua si wengi, nisikudanganye. Mwenye duka amepoa, ila amesema siku nyingine salamu ziwe mstari mmoja na blanketi lije juu. Ana haki. Nimeshaandika nyingine hivyo, na imependeza.

Alichotaka zaidi mwenye duka ni mtu wa kuwajibu wateja wake. Dada Rehema ameniuliza kama nitabaki, niwe najibu na kuandika, na Deo anifundishe kupanga picha. Nikasema nitauliza nyumbani. Anataka jibu kabla mwezi haujaisha.

Najua umeshaniombea nafasi chuo cha ualimu Mbeya, na kanisani umeshasema. Mama, sikuwahi kutaka kusimama mbele ya darasa. Nilikubali kwa sababu kukataa kungenilazimu niongee.

Msalimie bibi, mwambie bado nafunga kitambaa alichonipa. Mwambie Ambakisye picha yake imesifiwa, asivimbe kichwa. Mjomba Lusajo aendeshe bodaboda taratibu kwenye utelezi. Jirani wa jembe naye msalimie, kama amelirudisha.

Nimeshasalimia wote, mama, nimeishiwa watu, sina tena pa kujificha. Unaona nimerudia lile lile, blanketi nimeliweka chini kabisa. Naomba uniruhusu nibaki kwenye kazi hii.

Ukinijibu kwenye simu nitasema "ndiyo mama" kwa lolote utakalosema, nawe hutajua moyo wangu. Kwa hiyo nakuwekea kitufe, kimoja tu. Ukikubali, siku jua likitoka anika lile blanketi la mistari kwenye kamba mbele ya nyumba, Ambakisye alipige picha anitumie. Nisipoiona hadi mwisho wa mwezi nitaelewa, nitapanda basi nirudi, na hutaniona nimenuna.

Lakini hata kama si kwa ajili yangu, lianike tu, mama. Deo anasema kwenye picha linaonekana lina unyevu.

Ni mimi mwanao, ninayekuamkia tena kabla sijafunga bahasha,

Tusekile