Gari Alilolichonga Maren

Hensrud, Minnesota
Jumapili, 19 Februari

Kwako Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti lako halikusumbui sana kwa baridi hii. Sisi wawili hatujambo. Maren ameng'oka jino jingine la mbele, na theluji imefika kwenye madirisha ya karakana yangu, ila kazi za makabati zinaendelea. Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu huwa unanikatiza, nami leo sitaki kukatizwa.

Jana ulisimama katika ukumbi wa kanisa, mbele ya watu wanaokujua tangu ujana wako, ukamwambia mzee Vernon Stubbe, aliyekuwa anapima uzito wa magari madogo ya mbao ya watoto kwenye mizani, amwondoe mjukuu wako kwenye mashindano. Ulisema gari lile nimelichonga mimi, kwamba mtoto wa kike wa miaka minane hawezi kukata mbao namna ile, na kwamba ukoo wa Tveit haudanganyi. Kisha ukavaa kofia yako ukaondoka. Nilitaka kukufuata, lakini nilimtazama Maren nikaona hajasogea pale mezani hata hatua moja, nami nikabaki. Kwa hiyo hukuona yaliyofuata. Nataka uyasikie kwangu kabla hujayasikia kwa wanywa kahawa wa duka la mbegu.

Mzee Vernon alilichukua lile gari, akaliweka kando karibu na birika la kahawa. Aliniomba radhi. Alisema kama wewe, Arvid Tveit mwenyewe, umetamka, yeye afanye nini? Nikamweleza ukweli wote. Nilitoboa tundu la kuwekea kipande cha madini ya risasi cha kuongeza uzito, kwa sababu drili ni nzito kwa mtoto, basi. Kukata, kupiga tupa, kupiga msasa na kupaka ile rangi ya machungwa ni kazi ya Maren, wiki tatu nzima, kila akitoka shule. Vernon akacheka kidogo, akaniambia, “Thora, kila baba aliyepita hapa leo ameniambia hivyohivyo.”

Hapo ndipo Maren alipofungua kinywa. Alimuuliza kama kuna kipande kingine cha msonobari. Vernon akasema kipo, lakini mashindano yanaanza sasa hivi, mwanangu. Maren akamjibu, “Basi yaanze. Mimi nachonga.”

Wala hakuwa analia, Baba. Ulipoondoka huenda ulidhani unaacha mtoto anayelia. Alifungua mfuko wangu wa vifaa, akatoa jiliwa ndogo ya kubania mbao, akaifunga kwenye ukingo wa meza ya chakula, pembeni ya sufuria za nyama na viazi walizoleta akina mama. Akavua sweta. Akachora kwa penseli, akaanza kukata. Mimi nilikaa kwenye kiti mita tatu kutoka kwake, mikono yangu nimeikalia, kwa sababu nilijua nikigusa hata unga wa mbao tu itasemwa nimemsaidia.

Magari ya wenzake yalikuwa yanateremka kwenye njia ya mbao yenye mteremko, watu wanapiga makofi, lakini kila mzunguko ukiisha watoto walihamia kwetu. Corbin, mjukuu wa Vernon, ndiye aliyekuwa anashinda. Gari lake jeusi linang'aa kama kijiko kipya. Alikuja akasimama, akamuuliza Maren kile kitu anachokwaruzia kinaitwaje. Maren akamwambia tupa. Akaomba ajaribu kidogo. Maren akamwambia, “Hapana, watasema umenichongea. Kwani kwenu hamna?” Corbin akasema iko, ila babu yake hamruhusu kuigusa, na gari lake hulishika siku ya mashindano tu.

Hakusema kwa nia mbaya, na wala hakupunguza sauti. Mama mmoja aliyekuwa akipakua chakula alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Baba mmoja akageuka kutazama dirisha, na mwenzake akakumbuka ana jambo kwenye gari lake nje. Mzee Vernon alisikia kila neno. Alikuwa mwekundu mpaka masikioni.

Baada ya saa moja na nusu hivi Maren alifungua jiliwa, akabeba alichokichonga mpaka kwenye mizani. Hakikuwa na rangi wala magurudumu, na kona zilikuwa bado na makwaruzo, lakini kilikuwa gari la kusukuma theluji kama lile la kwanza, na koleo lake mbele. Vernon akalileta la kwanza, akayaweka yote mawili pamoja. Akavaa miwani. Msumeno wa Maren huvuta upande mmoja, kwa sababu anatumia mkono wa kushoto, na koleo la kila gari lilikuwa limekwenda mshazari kwa kiasi kilekile. Mzee akayageuzageuza. Halafu akampa Maren lile la rangi ya machungwa, akamwambia mbele ya watu wote, “Hili ni lako. Nimekukosea. Kalipange mstarini.”

Mizunguko ilikuwa imebaki mitatu. Alishinda mmoja, akashindwa miwili, na mmoja wa hiyo miwili ulikuwa na Corbin. Hakupata kombe wala utepe. Njiani kurudi nyumbani aliniambia mwakani risasi itakaa nyuma zaidi, na kwamba Corbin ameomba aje karakana kwetu. Nimemkubalia.

Sasa, Baba, kuna jambo lingine, nami nimelibeba tangu nina miaka kumi na mmoja.

Mwaka 1988 Nils alishinda pale pale ukumbini. Unalikumbuka gari la kijani, maana umelisimulia kila Krismasi, jinsi mwanao wa miaka tisa alivyokuwa na mikono ya fundi. Gari mlilolianza wewe na Nils lilivunjika. Nils alilibana mno kwenye jiliwa ulipokuwa kazini, likapasuka katikati. Nilimkuta amejificha nyuma ya tanuri la kupashia nyumba joto, kule chini, ananiambia, “Baba akijua nimekwisha.” Nikachukua kipande kingine. Nilikata, nikachonga, nikapaka rangi ileile ya kijani, kwa siku mbili nikitoka shule. Hukuwa umenifundisha hata kushika randa. Nilijifunza nikiwa nimekaa kwenye ngazi, nikikutazama ukimfundisha yeye.

Siku ile ulimpa Nils mkono kama mtu mzima. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yako, na unga wa mbao ulikuwa bado kwenye nywele zangu.

Jana jioni nilimpigia Nils simu Omaha kumwambia nitakuandikia. Akasema, “Mwambie, dada. Nimechoka kusifiwa.” Ushahidi mwingine sina, na sitafuti. Ulisema ukoo wetu haudanganyi. Tulikudanganya, sisi wawili, miaka thelathini na mitano, kwa sababu tulijua ni mkono wa nani uliotaka kuupa sifa. Simwombi mtu radhi kwa hilo. Wala sitamlea Maren akae kwenye ngazi.

Mlango wangu uko wazi kwako kama siku zote. Lakini ukija, usije ukakaa mezani ukazungumzia bei ya mahindi kana kwamba hakuna kilichotokea. Utamwomba Maren msamaha kwanza, kwa maneno, yeye akiwa amesimama mbele yako. Mimi nitangoja zamu yangu. Usipoweza, basi bakia huko mpaka uweze.

Msalimie sana Mama, na umsomee barua hii yote bila kuruka mahali. Maren anakusalimu. Sikumwambia afanye hivyo.

Ni mimi binti yako, fundi,
Thora Tveit