Kikao cha Dharura Kuhusu Kengele ya Ijumaa na Mtoto Aliyekuwa Akiipiga

KAMATI YA WAZAZI NA WALIMU
Kikao kilifanyika Jumamosi, tarehe 14 Juni, katika Darasa la Tatu B, kwa kuwa ofisi ya Mwalimu Mkuu inapakwa rangi.

WALIOHUDHURIA
Fundi cherehani – Mwenyekiti
Mama wa duka la madaftari – Makamu Mwenyekiti
Mwalimu Mkuu
Mwalimu wa Hesabu, Darasa la Sita
Karani wa ofisi ya maji – Katibu

WAALIKWA
Muuguzi wa zahanati
Mke wa Mwenyekiti, ambaye ndiye mama wa mtoto anayezungumziwa

ASIYEHUDHURIA
Fundi bomba, mjumbe. Alituma ujumbe kwamba amebanwa na kazi. Mwalimu Mkuu alisema amemwona nje ya geti akisitasita, kisha akageuza baiskeli.

KUMB. NA. 1/6: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao kwa kuchelewa, maana wajumbe walitafuta viti vya watu wazima wakavikosa. Kila mmoja alijibana kwenye dawati la mtoto, magoti yakigusa ubao wa dawati. Mwenyekiti alieleza kwamba ajenda ni moja, nayo ni "suala la nidhamu ya kitaaluma." Mke wake, aliyekaa karibu na mlango, alisema suala hilo ni mtoto na lipo nyumbani limelala. Marekebisho yalikubaliwa.

KUMB. NA. 2/6: UTARATIBU WA KENGELE
Kwa faida ya waalikwa, Katibu alikumbusha kwamba mwanzoni mwa mwaka kamati ilikubaliana hivi: mtoto wa Darasa la Sita atakayepata zote katika jaribio la Ijumaa ndiye atakayepiga kengele ya kwenda nyumbani. Asipopatikana wa kupata zote, shule nzima ibaki madarasani nusu saa zaidi, ili watoto waone thamani ya bidii. Hoja ilitolewa na Mwenyekiti, ikaungwa mkono na Makamu, ikapita kwa makofi.

Tangu hapo binti wa Mwenyekiti ndiye aliyepiga kengele karibu kila Ijumaa, hata wenzake wakaacha kumwita kwa jina lake, wakawa wanamwita Kengele. Mwenyekiti alilipenda jina hilo. Wajumbe wengi walishapimwa nguo kibandani kwake na kulisikia huku wamenyoosha mikono.

Makamu alitaka iandikwe kwamba yeye aliunga mkono zawadi, siyo adhabu. Mwalimu Mkuu alimjibu kwamba siku ile havikutenganishwa. Makamu alisema mwanawe amekuwa wa pili tangu mwaka uanze na hakuna aliyewahi kuitisha kikao cha dharura kwa ajili yake. Mwenyekiti aliomba wajumbe warudi kwenye ajenda.

KUMB. NA. 3/6: YALIYOTOKEA IJUMAA ILE
Mwalimu wa Hesabu alieleza kwamba Ijumaa ya tarehe 30 Mei mtoto alikokotoa kila swali sawasawa. Katika swali la mwisho aliandika jibu bila kuandika neno "sentimita," akapunguziwa nusu alama. Aliomba aliandike pale pale. Mwalimu alimkatalia, akamwambia sheria inasema zote, haisemi karibu zote.

Hakuna mwingine aliyepata zote, kwa hiyo kengele haikupigwa. Watoto wa darasa la kwanza walianza kulia kwa njaa. Darasa la Sita lote liligeuka kumtazama. Alikaa akiwa ameinamisha kichwa na mikono yake ameikalia.

Mwalimu aliendelea kusema, na hapa Katibu ananukuu: "Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Neno moja tu. Nilijiona mwalimu kwelikweli siku ile. Sasa kila nikisahihisha namwona yeye."

Mwalimu Mkuu alitaka kujua ni nani aliyepaza sauti getini, kati ya wazazi waliokuwa wakisubiri, kwamba "leo Kengele imepasuka," hadi watu wakacheka. Makamu alisema ni yeye. Alisema hakujua kwamba mtoto yuko nyuma ya ukuta, na kwamba hata kama asingekuwepo, lile halikuwa neno la mtu mzima kumsema mtoto wa mwenzake. Alimgeukia mama wa mtoto akasema, "Dada, nisamehe. Ulimi wangu hauna mfupa." Mama wa mtoto alijibu, "Nimekusikia."

KUMB. NA. 4/6: HALI YA MTOTO
Mama alieleza kwamba mambo hayakuanza Ijumaa ile. Kwa miezi kadhaa binti alikuwa akitapika Ijumaa asubuhi, wakadhani ni chai ya maziwa, wakamwachisha maziwa. Akikosea herufi, alichana ukurasa na kuanza upya. Alipunguza kucheza na mdogo wake kwa sababu mdogo wake "anapoteza muda." Wageni walimsifu kwamba ni mtoto asiyesumbua.

Tangu Ijumaa ile hajarudi shuleni. Halii wala habishi. Akipewa daftari, analirudisha likiwa tupu, akisema daftari tupu halina kosa.

Mwenyekiti alisema yeye alitaka mtoto asije kuhangaika kama yeye, na kwamba katika kazi yake mshono ukipinda hufumuliwa wote. Mama alimkatiza: "Baba watoto, yule si gauni." Mwenyekiti aliomba mzungumzaji apitie kwa kiti. Mama alisema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, kupitia kwako, naomba nimwambie mume wangu kwamba tangu siku ile hajaingia chumbani kwa mtoto wake. Anasimama mlangoni, anauliza kama yuko tayari kwa jaribio lijalo, halafu anaondoka."

Mwenyekiti aliinama, akatazama dawati.

KUMB. NA. 5/6: MAELEZO YA MUUGUZI
Mwenyekiti aliuliza kama kuna dawa. Muuguzi alisema kidonge cha kuondoa hofu ya kukosea hana. Alieleza kwamba tumbo la mtoto linauma kweli, hadanganyi. Ni hofu imeshuka tumboni. Alisema mtoto akizoea kupendwa siku ya kushinda tu, hujifunza kuogopa siku nyingine zote. Atamwandikia barua ya kwenda kwa mshauri wa watoto hospitalini, na wazazi wote wawili waende naye.

Mwalimu Mkuu aliuliza itachukua muda gani. Muuguzi alisema, "Mwalimu, hilo nalo siyo jaribio la Ijumaa."

KUMB. NA. 6/6: MAAZIMIO
Iliamuliwa kwamba nusu saa ya adhabu ifutwe, na kengele ipigwe na mlinzi kwa saa yake. Makamu aliongeza kwamba walimu waje wenyewe kuwaeleza wanafunzi kuwa kosa lilikuwa la wakubwa. Yote yalipita, safari hii bila makofi.

Mwenyekiti aliagiza mtoto apelekewe habari hiyo, akitumaini kwamba itampa nafuu. Mama alisema habari anayo. Asubuhi, wakati anamwogesha, maana siku hizi haogi mwenyewe, alimwambia kwamba anakuja kuomba sheria ya kengele ifutwe, na hatahitajika kuipiga tena. Alidhani atafurahi. Mtoto alishtuka, akamshika mkono, akauliza:

"Sasa mama, wadogo watatokaje? Nani atawarudisha nyumbani?"

Mama alisema ndipo alipotambua kwamba tangu mwaka uanze binti yake aliamini watoto wote wa shule hii wanakwenda nyumbani kwa sababu yeye hakosei.

Mwenyekiti alijitoa kwenye dawati kwa shida, akachukua kofia yake, akatoka. Hakusema anakwenda wapi, na hapakuwa na haja ya kumuuliza.

KUFUNGA
Makamu alifunga kikao saa 5:10 asubuhi, kwa niaba ya Mwenyekiti.

Nyongeza ya Katibu: Jioni nilipeleka kumbukumbu hizi nyumbani kwa Mwenyekiti ili atie saini. Nilimkuta ameketi sakafuni kando ya kitanda cha mtoto, viatu amevua. Alinionyesha ishara niseme polepole. Alitia saini bila kusoma, akiegemeza karatasi juu ya goti. Mtoto alikuwa macho, amegeukia ukutani. Mpaka naaga, alikuwa bado hajageuka, na baba yake alikuwa bado amekaa.

Mwenyekiti: (saini) Fundi cherehani
Katibu: (saini) Karani wa maji