Vidonge vya Mama

Jumamosi

Kuku! Wanaokula vile vidonge ni kuku!

Nilipofika Msambweni leo, mama aliniambia dawa inasaidia sana. Nikafurahi, mjinga mimi, nikamuuliza kama mkono umepoa. "Mkono? Nasema kuku, mwanangu."

Kumbe kalisiamu na vitamini D alizoandikiwa na daktari tangu alipoteleza chooni akavunjika mkono, ninazompelekea kila mwezi kutoka Diani, anazitwanga na kuzichanganya na pumba.

"Walikuwa wanataga mayai ya ganda laini. Daktari si alisema dawa hiyo yakaza mifupa? Ganda nalo si mfupa wa yai? Mimi nimeshazeeka, wao ndio kwanza wanataga."

Ningefungua kinywa ningemkosea adabu. Lakini akianguka tena, akavunjika nyonga... sitaki hata kuandika.

Wakati wa kuondoka akanifungia mayai kumi. Jioni nikataka kukaanga moja. Nililigonga kwenye ukingo wa kikaango mara moja, mara mbili, halikupata hata ufa. Mara ya tatu ndipo likapasuka.

Mkono wa mama ulivunjika kwa kuteleza mara moja tu.